Oxford au Cambridge kwa Fasihi ya Kiingereza: kipi kinakufaa, na kwa nini

Ulinganisho huu unalazimishwa na sheria moja: kwa shahada ya kwanza, kwa kawaida huruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja. Fomu ya UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, ina nafasi tano, na ni moja tu inayoweza kwenda kwa mmojawapo wa hao wawili. Kwa hiyo mwombaji wa Mombasa, Arusha au Maskati anatakiwa awe ameshaamua kabla ya tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kukanyaga darasani. Wengi huamua kwa jina, kwa picha za majengo, au kwa majedwali ya ubora. Majedwali hayo hayasaidii hapa, maana katika fasihi vyuo hivi viwili viko juu pamoja na hupishana kidogo tu mwaka hadi mwaka. Tofauti zenye uzito ziko kwingine: unachofundishwa mwaka wa kwanza, unavyopimwa, na bili inavyoandikwa.

Jambo moja kabla ya yote. Kama unachotaka ni fasihi ya Kiswahili, usiombe hata kimojawapo. Angalia SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi na maktaba inahifadhi miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu. Hapa tunazungumzia digrii ya fasihi iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka wa kwanza ndio unaovitenganisha

Oxford ilianzisha digrii yake ya Kiingereza mwaka 1894. Wakati huo wasomi wengi waliona kusoma riwaya na mashairi ya lugha yako mwenyewe ni mchezo, si taaluma. Ili kozi iheshimike, ilijengwa juu ya historia ya lugha: maandishi ya Kiingereza cha kale, sarufi yake, mabadiliko ya sauti. Cambridge ilichelewa hadi 1917, na ikaamua kutofuata njia hiyo. Katika miaka ya 1920 mhadhiri wake I. A. Richards alikuwa akiwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na jina la mwandishi wala mwaka, kisha akikusanya walichoandika. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929 katika kitabu cha Practical Criticism. Zaidi ya karne imepita na bado mwaka wa kwanza wa kila chuo unafuata uamuzi ule wa mwanzo.

Oxford mwaka wa kwanza una karatasi nne, yaani masomo manne yanayopimwa kila moja kivyake: utangulizi wa lugha na fasihi, fasihi ya zama za kati za mwanzo (takriban 650 hadi 1350), fasihi ya 1830 hadi 1910, na ya 1910 hadi leo. Angalia mpangilio huo: unaanza na ncha mbili za historia kwa wakati mmoja. Juma hili unasoma riwaya nene ya enzi ya Malkia Victoria, na juma hilohilo unatafsiri mistari ya Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, kwa kamusi na jedwali la minyambuliko. Kiingereza cha kale hakifanani na hiki cha leo. Kina jinsia tatu za nomino na vivumishi vinavyobadilika kufuata nomino, na mpangilio wa maneno umelegea. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu kidogo hapa, kwa sababu upatanisho wa kisarufi haumtishi kama unavyomtisha mwenzake wa London. Hata hivyo msamiati ni wa kukariri, na hauna njia ya mkato.

Kosa linalowaangusha watu ni kuacha tafsiri zilimbikizane hadi Aprili. Insha unaweza kuiokoa kwa usiku mmoja wa kahawa, lakini kifungu cha Kiingereza cha kale usichokijua hukiokoi, na mtihani wa Juni unakutaka ufafanue kifungu mstari kwa mstari.

Cambridge hailazimishi Kiingereza cha kale kabisa. Anayekipenda kweli ana digrii nzima ya pembeni, inayounganisha Kiingereza cha kale, Kinorsi (lugha ya kale ya Skandinavia) na lugha za Kikelti, na huombwa peke yake. Katika digrii ya Kiingereza, mwaka wa kwanza umesimama juu ya nguzo mbili: Shakespeare, na Practical Criticism yenyewe. Fasihi ya zama za kati ipo, ila inaanzia mwaka 1300 hivi, Kiingereza kinapoanza kusomeka bila kamusi kila mstari.

Shakespeare basi anakuja mapema Cambridge. Oxford anasomwa baadaye, kwa utulivu, na kupimwa kwa mkusanyo wa insha badala ya mtihani wa saa tatu.

Practical Criticism hasa ni kitu gani

Tukae hapa kidogo, kwa sababu waombaji wengi kutoka Afrika Mashariki huliona jina hili kwenye ukurasa wa kozi na kulipita, kumbe ndilo pia linaloamua usaili wa vyuo vyote viwili.

Unapewa karatasi yenye soneti moja, bila jina wala tarehe. Mwanafunzi aliyelelewa na mitihani ya shule huanza kuhesabu: mishororo 14, vina vinakwenda hivi, kuna tashihisi mshororo wa tatu na takriri mshororo wa tisa. Kwa aliyezoea kuchambua tarbia, mizani nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho, kazi hii ni nyepesi na anaifanya vizuri. Shida ni kwamba hapo hajasema kitu. Anayesahihisha anajua kuwa ni soneti. Anachotaka ni hatua inayofuata: katika soneti nyingi hoja hugeuka baada ya mshororo wa nane, lakini katika hii haigeuki mpaka wa kumi na tatu. Msemaji amejizuia kwa nini? Mishororo minne aliyoiongeza kabla ya kugeuka anaitumia kufanya nini? Na alipobakiwa na mishororo miwili tu ya kujibu, jibu lake linatosheka au linaonekana limebanwa? Ukijibu maswali hayo kwa kuonyesha maneno yenyewe kwenye karatasi, umeanza uhakiki. Ukitaja majina ya tamathali tu, umeandika orodha.

Cambridge unafanya zoezi hili mwaka wa kwanza na unalirudia mwaka wa tatu kama karatasi ya lazima. Oxford ujuzi huohuo unatakiwa, ila umetawanywa ndani ya karatasi za vipindi. Ukitaka kujipima kabla ya kuamua, tafuta shairi usilolijua, lisome kwa dakika 15, kisha andika kurasa mbili bila kugusa maisha ya mshairi wala historia ya nchi yake. Ukiona umefurahia, Cambridge itakukaa vizuri. Ukiona unatamani kujua liliandikwa lini, nani alikuwa mfalme na watu walikuwa wakisoma nini, wewe ni wa Oxford.

Juma la kazi

Hapa vyuo vinafanana kuliko vyenyewe vinavyopenda kukiri. Vyote vina mihula mitatu ya majuma nane, yaani majuma 24 tu ya kufundishwa kwa mwaka. Oxford mihula inaitwa Michaelmas, Hilary na Trinity. Cambridge ni Michaelmas, Lent na Easter. Vyote vinategemea kikao cha mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, wawili au watatu. Oxford wanakiita tutoriali, Cambridge supavisheni. Mihadhara ipo na ni mizuri, lakini hakuna anayeita majina. Darasa lako halisi ni kile kikao.

Kwa kawaida unaandika insha moja kwa juma, na yako majuma ya insha mbili. Unapewa swali na orodha ya vitabu, huenda riwaya yenye kurasa 800 pamoja na makala nne za uhakiki. Siku tatu unasoma, siku moja unaandika, maneno 2,000 hivi, unaituma usiku wa kuamkia kikao. Ndani ya kikao mwalimu hakupi muhtasari wa mada. Anachukua aya yako ya pili na kuuliza: hapa umesema msimulizi anamdharau huyu mama, nionyeshe sentensi iliyokufanya uone dharau. Kama sentensi huna, hoja imeanguka mbele ya mwenzako, na saa nzima bado iko mbele yenu. Wanafunzi waliozoea kumsikiliza mwalimu na kunukuu, hasa waliofundishwa kuwa kumpinga mkubwa ni utovu wa adabu, huchukua muhula mzima kabla ya kuelewa kuwa ubishi wenye ushahidi ndio adabu ya mahali hapo. Ukikaa kimya, mwalimu hudhani hukusoma.

Majuma nane hayatoshi kusoma vitabu. Vitabu vinasomwa likizo, na orodha ya kwanza huja kiangazi kabla hujafika. Anayepanda ndege mwishoni mwa Septemba bila kuwa amesoma riwaya nyingi za orodha ile atakimbizwa na ratiba hadi Krismasi. Nyingi ya kazi za kabla ya karne ya 20 hazina hakimiliki tena na zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo gharama si kisingizio.

Unapimwaje, na unaweza kubadili mawazo?

Oxford mitihani ya mwaka wa kwanza lazima uifaulu ili uendelee, lakini alama zake haziingii katika daraja la mwisho. Daraja lako linatokana na karatasi saba za miaka miwili inayofuata: vipindi vinne kuanzia 1350 hadi 1830, Shakespeare, mada teule, na tasnifu ya maneno 8,000. Shakespeare, mada teule na tasnifu huandikwa nje ya chumba cha mtihani. Vile vipindi vinne hufanyiwa mitihani mwishoni mwa mwaka wa tatu, vyote ndani ya majuma machache, na umevaa joho na mavazi rasmi kama sheria ya Oxford inavyotaka. Anayekumbuka mambo vizuri na kustahimili shinikizo hunufaika. Anayeugua malaria ya mwisho wa likizo au kupata msiba nyumbani mwezi wa Mei yuko katika hali ngumu, na amwone mwalimu wa koleji yake (chuo kimegawanyika katika koleji, na kila mwanafunzi ni wa mojawapo) siku hiyohiyo, asingoje matokeo.

Cambridge imegawa digrii katika sehemu, na kila mwaka una mitihani au kazi zake. Mwaka wa tatu una karatasi mbili za lazima: Practical Criticism ya pili, na Tanzia, karatasi inayoanzia Wagiriki wa kale hadi tamthilia za leo. Zilizobaki unachagua, pamoja na tasnifu ya takriban maneno 7,500. Ile ya Tanzia pekee imewavuta watu Cambridge, na haki yao: hakuna kitu cha ukubwa huo katika ratiba ya lazima ya Oxford.

Tofauti kubwa zaidi, ambayo waombaji huiona wakiwa wamechelewa, ni uhuru wa kuhama. Mfumo wa Cambridge unaoitwa Tripos umejengwa ili mtu aweze kumaliza sehemu moja katika somo fulani na kuhamia lingine, mradi koleji ikubali. Kuna wanaoanza Kiingereza wakamalizia sheria au historia ya sanaa. Oxford unachoombea ndicho unachomaliza nacho, na kuhama ni jambo la nadra na la kusihi. Oxford inafidia kwa digrii za mseto zinazoombwa tangu mwanzo: Kiingereza na historia, Kiingereza na Kilatini au Kigiriki, Kiingereza na lugha ya kisasa ya Ulaya, ambayo huchukua miaka minne kwa sababu mmoja unaishi nje. Aliyesoma Kifaransa Kinshasa au Bujumbura hadi kidato cha mwisho asiipite hiyo ya mwisho bila kuiangalia.

Kwa kijana wa miaka 18 asiye na hakika kama fasihi ndiyo maisha yake, tunampeleka Cambridge bila kusita.

Afrika iko wapi katika silabasi hizi?

Ipo, ila si katikati. Waandishi wawili wa ukanda wetu wanaosomwa zaidi duniani walipitia vyuo vingine vya Uingereza: Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds katika miaka ya 1960, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Nobeli ya 2021, alichukua shahada ya uzamivu Kent mwaka 1982 na kufundisha hukohuko hadi kustaafu. Wole Soyinka alipokuwa Cambridge katika Churchill College mwaka wa masomo 1973–74, mihadhara yake juu ya fasihi ya Afrika ilitolewa chini ya idara ya anthropolojia, si ya Kiingereza, jambo alilolieleza mwenyewe katika dibaji ya kitabu kilichotokana nayo.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Oxford karatasi ya 1910 hadi leo ni ya mwaka wa kwanza na ina nafasi pana: ukimwambia mwalimu mapema kwamba unataka insha mbili kati ya nane ziwe juu ya riwaya za Afrika Mashariki, wengi watakubali, na wengine watakuomba uwapendekezee vitabu. Oxford pia ina shahada ya uzamili ya fasihi za dunia kwa Kiingereza. Cambridge, fasihi za baada ya ukoloni zimekuwa zikitolewa kama karatasi ya hiari ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo unasubiri. Anayeomba kwa sababu hii hasa, kwetu sisi Oxford inashinda kwa hatua moja. Tahadhari: nafasi hiyo unaiomba mwenyewe. Ukinyamaza, utapewa orodha ya kawaida.

Maombi: hatua na mitego

Masharti ya alama yanapishana. Oxford huomba AAA katika A-level (mitihani ya mwisho ya sekondari ya Uingereza), au IB (stashahada ya kimataifa ya sekondari) pointi 38 zenye 6, 6, 6 katika masomo ya ngazi ya juu. Cambridge huomba A*AA, na kwa IB hutaka 7, 7, 6. Vyote vinataka umesoma fasihi ya Kiingereza katika ngazi hiyo. KCSE peke yake haitoshi kwa chochote kati ya hivyo viwili. Mhitimu wa Kenya huhitaji kuongeza A-level, IB au sifa nyingine inayokubalika. Aliyemaliza Kidato cha Sita Tanzania au UACE Uganda aandikie ofisi ya udahili mapema, mwezi wa Mei au Juni, aeleze tahasusi yake, asingoje Oktoba. Atakayetakiwa kuthibitisha lugha, kiwango ni 7.5 kwa jumla katika IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, na isiyopungua 7.0 katika kila sehemu. Ile ya kuandika ndiyo inayowaangusha wazungumzaji wazuri.

Dirisha la UCAS hufungwa saa 12 jioni ya Uingereza tarehe 15 Oktoba. Kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hiyo ni saa 2 usiku, kwa Maskati saa 3. Fomu haihesabiwi imefika kama barua ya mwalimu haijaambatishwa, na hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia: mwanafunzi amemaliza, mwalimu hajafungua barua pepe. Mpe mwalimu tarehe yako mwenyewe ya mwisho, 20 Septemba, na mpelekee nakala ya insha zako bora ili awe na la kusema.

Maelezo binafsi sasa yamegawanywa katika maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Usimwage sifa za mapenzi yako ya vitabu tangu utotoni. Chagua vitabu vitatu au vinne usivyofundishwa shuleni, na katika kila kimoja sema jambo moja mahususi ulilolifikiria. Chochote ulichokitaja utaulizwa.

Baada ya UCAS, Cambridge hukupa fomu ya pili ya kwake, ambayo hufungwa siku saba baadaye, tarehe 22 Oktoba, na baadhi ya waombaji wa nje hudaiwa ada ya ziada. Barua pepe ya kukualika kwenye fomu hiyo mara nyingi huangukia kwenye kikasha cha taka, itafute. Oxford haina fomu ya pili, ila inataka insha moja ya shule iliyosahihishwa na mwalimu, isiyozidi maneno 2,000, ifike kufikia 10 Novemba. Tuma insha ya kawaida ya darasani ikiwa na kalamu nyekundu juu yake. Insha iliyopigwa msasa na mjomba mwenye digrii inajulikana, na utaulizwa juu yake kwenye usaili. Mashairi yako au hadithi zako hazikubaliki kama sampuli. Cambridge pia inaomba kazi za maandishi, na idadi hupangwa na koleji.

Mtihani wa ELAT, wa udahili wa fasihi ya Kiingereza, ambao vitabu vingi vya maandalizi bado vinautaja, hautumiki tena. Usilipie kozi ya kuusomea.

Usaili ni Desemba, na kwa waombaji wa nje hufanyika kwa video. Saa 3 asubuhi ya Uingereza mwezi huo ni saa 6 mchana Afrika Mashariki. Andaa mtandao wa akiba na betri, na umweleze mratibu wa koleji mapema kama umeme wa mtaa wako si wa kutegemea; huwa wanaelewa wakiambiwa kabla, si baada. Mara nyingi kuna vikao viwili au zaidi vya dakika 20 hadi 30, na katika kimoja utapewa shairi au kifungu usichokijua. Soma kwa sauti, sema unachokiona, na ukigundua umekosea, rekebisha waziwazi. Wanaangalia kama unafundishika katika kikao cha watu wawili, na mtu asiyebadilisha jibu lake hata akionyeshwa ushahidi hafundishiki.

Koleji ipi? Vyuo vyote viwili vina koleji thelathini hivi zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, na ukishindwa kuchagua unaweza kuomba bila kutaja. Wote hugawana waombaji wazuri waliokosa nafasi kwenye koleji waliyoiomba. Cambridge mtindo huo hufanyika Januari. Kisa cha kuumiza kichwa ni kimoja tu: kama una miaka 21 au zaidi, angalia Harris Manchester kwa Oxford, na Hughes Hall, St Edmund's au Wolfson kwa Cambridge, ambako wenzako nao ni watu wazima.

Bili

Hapa watu hudanganywa na tarakimu. Kwa walioanza 2025, ada ya Kiingereza kwa mwanafunzi wa nje Cambridge ilikuwa pauni 27,024 kwa mwaka, na Oxford ada za wanafunzi wa nje zilianzia pauni 37,380. Mzazi akiona hivyo huamua palepale. Lakini Cambridge inamdai mwanafunzi wa nje ada ya koleji kando, ambayo aghalabu ni karibu pauni 10,000 au zaidi kulingana na koleji. Oxford imeshaiunganisha ndani ya ada yake. Ukijumlisha, tofauti inapungua sana, na kwa vyovyote unazungumzia zaidi ya shilingi milioni 6 za Kenya kila mwaka kabla ya chakula na chumba. Ada hupanda pia ukiwa katikati ya kozi, kwa hiyo mahesabu ya mwaka wa tatu yasifanywe kwa bei ya mwaka wa kwanza.

Kwa maisha, Oxford yenyewe ilikadiria pauni 1,345 hadi 1,955 kwa mwezi kwa mwaka wa 2024–25. Cambridge ni humohumo. Koleji nyingi hukutaka utoe vitu chumbani kila likizo. Mwenzako wa Manchester anapakia gari la baba yake; wewe unahitaji kuomba kubaki chumbani kwa malipo au kutafuta stoo. Liulize hili kabla ya kuchagua koleji, ni la pesa. Kazi za vibarua wakati wa muhula usizitie kwenye bajeti: viza huruhusu saa 20 kwa juma, lakini vyuo hivi viwili havitaki wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye kazi muhula ukiendelea.

Koleji pia hukutaka uonyeshe mapema kwamba kozi nzima italipiwa. Ahadi ya mdomo ya ukoo haitoshi. Na kwa viza, fedha za matumizi lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Harambee iliyoingia wiki iliyopita haihesabiki. Ongeza ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na kipimo cha kifua kikuu kwa anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo.

Ufadhili kamili kwa shahada ya kwanza ni mwembamba mno. Oxford ina Reach Oxford, kwa wanafunzi wa nchi zenye kipato cha chini wasioweza kusoma kwao kwa sababu za kifedha au kisiasa; hulipa ada, matumizi na nauli ya ndege ya kila mwaka, lakini wanaoipata huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Cambridge, kupitia Cambridge Trust, msaada wa ngazi hii kwa kawaida ni wa sehemu tu. Kwa familia isiyo na fedha, kwa hiyo, Oxford ndiyo yenye mlango, japo mdogo.

Ushauri wetu kwa wengi ni kusoma shahada ya kwanza Nairobi, Dar es Salaam au Makerere na kulenga uzamili. Huko mizani hubadilika: kozi ni miezi 9 tu, na wafadhili ni wengi. Gates hulipia Cambridge, Rhodes hulipia Oxford na ina nafasi za Kenya na za Afrika Mashariki, Chevening na Jumuiya ya Madola hulipia kokote kati ya hivyo viwili, ingawa Chevening inataka uzoefu wa kazi na urudi nyumbani miaka miwili. Isitoshe, kwa uzamili unaruhusiwa kuomba Oxford na Cambridge kwa pamoja.

Nafasi nne zilizobaki

Usizijaze kwa kubahatisha. Maelezo yako binafsi ni yaleyale kwa vyuo vyote vitano, kwa hiyo usitaje jina la chuo ndani yake, na usichanganye kozi ya fasihi tupu na ya uandishi wa kubuni, utayagawa maelezo na hakuna atakayeridhika. Durham, iliyoanzishwa 1832, ina koleji na jiji la kale lakini haikufanyii usaili wa fasihi. UCL (University College London) ilianza kufundisha Kiingereza mwaka 1828, miaka zaidi ya sitini kabla ya Oxford, na iko London kwenye maktaba na jumuiya kubwa ya watu wa kwetu. Weka angalau chuo kimoja chenye masharti ya chini kuliko alama unazotarajia, ili Agosti matokeo yakitoka usianze kutafuta chuo kwa simu ya kimataifa.